Kwa nini magari ya siku hizi yameondolewa swichi?

MkaaziWaMtwapa anauliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote. Natafuta gari la kuchukua mahali pa hili langu lililochoka, na kila yadi ninayoingia hapa Mombasa naoneshwa gari lenye skrini kubwa katikati ya dashibodi. Katika baadhi yake hata kiyoyozi hakina swichi: ni lazima uguse skrini, ufungue ukurasa wa hewa, kisha uguse alama ndogo ya feni. Moja niliruhusiwa kulijaribu kutoka Nyali hadi Bamburi, jua la kaskazi likiwa utosini, na mwanga ulipoipiga ile skrini sikuweza kusoma chochote. Ili kupunguza baridi tu ilinibidi niondoe macho barabarani huku tuktuk ziko mbele yangu na bodaboda zinapenya kila upande, ilhali katika gari langu la zamani kazi hiyo hufanywa na vidole peke yake.

Naomba kujua, je, ipo sababu ya maana iliyowafanya watengenezaji kuziondoa swichi, au ni urembo tu? Na kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo kwa masharti ya nchi yetu hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamezidi miaka minane, tuangalie nini kabla ya kulipa? Siulizi habari za injini, kwa kuwa hilo nina fundi wangu. Nauliza juu ya mambo haya mapya ambayo wenye yadi huyataja kama sifa.

FundiUmemeChangamwe:

Wa alaykum salaam, dada. Kazi yangu ni umeme wa magari, na jambo hili hunipitia mikononi karibu kila siku.

Sababu ya kwanza ni gharama. Kila swichi ina plastiki yake, taa yake, waya zake na kiwanda kinachoitengeneza, na gari likibadilishwa umbo huenda zote zikachorwa upya, ilhali skrini moja hubeba kazi zote na programu yake inaweza kurekebishwa hata baada ya gari kuuzwa. Sababu ya pili ni kamera ya nyuma. Tangu Mei 2018 Marekani inalazimisha kila gari dogo jipya liwe nayo, na kwa kuwa kamera haina faida bila skrini, watengenezaji waliona kwamba skrini ikishakuwapo hakuna haja ya kulipia swichi pembeni yake. Tesla Model S ya 2012, yenye skrini ya inchi 17, iliwaonesha wengine kwamba wanunuzi watakubali. Wala wazo lenyewe si geni, kwa maana Buick Riviera ya 1986 ilikuwa tayari na skrini ya kugusa, na baada ya miaka michache kampuni ikaiacha.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilichukua magari mapya kumi na moja pamoja na Volvo V70 ya 2005 yenye swichi za kawaida, likawataka madereva wafanye kazi nne ndogo, kama kubadilisha kituo cha redio na kuongeza joto, huku wakienda kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ile kuukuu kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Katika MG Marvel R, iliyoshika mkia, zilichukua sekunde 44.6, nayo gari ikawa imekwenda mita 1,372, yaani zaidi ya urefu wa Daraja la Nyali mara tatu, na muda huo wote dereva anagawanya macho yake kati ya barabara na skrini.

Upande wa gereji, swichi ikifa naifungua, nasafisha kutu iliyoletwa na hewa yetu ya chumvi, naifunga, na mteja anakwenda zake. Skrini ikifa hufa na kila kilichomo. Mteja wangu mmoja wa Kisauni skrini ilimzimikia katikati ya mvua za masika. Kioo cha mbele kikajaa ukungu, na feni ya kuupuliza ilikuwa ndani ya ile skrini iliyozima. Alisimama kando ya barabara akifuta kioo kwa kitambaa hadi mvua ilipopungua. Gari lilikuwa zima kabisa, injini haina kasoro yoyote. Hilo linanikera kuliko yote, kwa sababu kukiona kilicho mbele yako si anasa ya kufichwa ndani ya kurasa za skrini.

BahariaKilindini:

Naomba kuongeza neno kutoka upande wa bahari, kwa sababu huko jambo hili limekwisha gharimu roho za watu. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia kumi wakafa. Usukani na mwendo wa mashine zake viliendeshwa kwa skrini za kugusa. Zamu ilipokuwa ikihamisha udhibiti kutoka meza moja ya kuongozea meli hadi nyingine, waliokuwapo walichanganyikiwa wasijue ni nani aliyeshika nini, na mashine mbili zikawa zinakwenda kwa nguvu zisizolingana. Uchunguzi ulilaumu mafunzo hafifu, lakini ulilaumu pia mpangilio wa skrini zenyewe, na mwaka 2019 Jeshi la Majini la Marekani lilitangaza kwamba litarudisha mikono ya chuma ya kuongozea mwendo katika manowari za aina hiyo. Mkono wa chuma hukuonesha ulipo kwa kuutazama mara moja, na hata gizani ukiushika unajua mashine imeamriwa nini. Ikiwa watu waliofunzwa kwa miezi mingi wameshindwa na skrini, sioni vipi tumtarajie mama mwenye watoto nyuma ya gari aiweze pale makutano ya Buxton.

DerevaWaLikoni:

Wenzangu mmeeleza ya ndani ya gari, nami nitasema ya nje, kwa sababu kazi yangu ni kubeba abiria kati ya Likoni na kisiwani.

Magari mapya yameshushwa bampa hadi karibu kugusa lami, ati kwa ajili ya upepo na mafuta, lakini bampa hiyo haikuchorwa na mtu aliyewahi kupanda feri. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na pale lango la chuma linapokutana na saruji ndipo utakaposikia plastiki ikisaga. Wenye magari ya aina hii huingia kwa upande, polepole, huku wahudumu wakiwapungia mkono waharakishe. Ukienda kulitazama gari yadini, inama uangalie chini ya bampa, kwa maana lililokwaruzwa kule lilikotoka litakwaruzwa zaidi hapa.

Vilevile fungua buti uinue zulia. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka ya karibuni hayana tairi la spea, bali chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, lakini haizibi tairi lililopasuka ubavuni, na rimu kubwa zenye tairi jembamba zinazopendwa sasa hupasuka ubavuni hasa, kwa kuwa kati ya shimo na chuma hakuna mpira wa kutosha. Ukiharibikiwa usiku baada ya Kilifi, chupa ile haitakufikisha popote.

Nikimaliza, taa. Zamani globu ikiungua ulinunua nyingine Mwembe Tayari ukaibadilisha mwenyewe. Taa nyingi za LED zimefungwa pamoja na kasha lake, na ikizima unatakiwa ununue taa nzima.

MamaWaTudor:

Ndugu zangu, nakubaliana nanyi juu ya kiyoyozi, lakini naomba kamera ya nyuma isiingizwe katika lawama hizi. Nyumba yetu ina watoto wadogo wanaochezea uani, na mtoto aliyechuchumaa nyuma ya gari haonekani kwa kioo chochote. Kamera ile inahitajika zaidi sasa kwa sababu madirisha ya nyuma yamefanywa membamba na nguzo za paa zimenenepa. Unene wa nguzo una sababu ya kweli: mwaka 2009 Marekani iliamua kwamba paa la gari dogo lihimili mara tatu ya uzito wa gari lenyewe, badala ya mara moja na nusu, ili lisiwaponde waliomo likipinduka. Lakini madirisha kupunguzwa kwa ajili ya sura tu, hilo sina utetezi nalo. Pale Kongowea mtu mzima anaweza kujificha nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele hadi awe mbele ya bampa yako.

MkaaziWaMtwapa:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimebakiwa na jambo moja. Gari nililolijaribu lilikuwa likizima injini lenyewe kila niliposimama, na baada ya muda mfupi hewa ikaacha kuwa baridi. Je, hiyo ni hitilafu?

FundiUmemeChangamwe:

Si hitilafu, dada. Mfumo huo huzima injini ili kuokoa mafuta, na katika magari yasiyo ya haibridi, yaani yasiyochanganya injini na mota ya umeme, kompresa ya kiyoyozi, ile pampu inayoleta ubaridi, huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikilala baridi nayo hukatika. Katika haibridi nyingi kompresa huendeshwa kwa umeme wa betri, na hewa huendelea kuwa baridi. Kwa foleni zetu na joto letu, tofauti hiyo ni kubwa.

Mama wa Tudor yuko sahihi kuhusu kamera. Napenda kusema pia kwamba mambo yameanza kugeuka: kuanzia 2026 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, hawatoi alama za juu kabisa kwa gari lisilo na swichi halisi za indiketa, taa za hatari, honi, waipa na simu ya dharura. Kiyoyozi hakimo katika orodha hiyo, na kwa maoni yangu kilistahili kuwamo. Hata hivyo magari hayo yatachukua miaka mingi kufika kwetu yakiwa yametumika, kwa hiyo kwa sasa jichagulie mwenyewe. Omba gari litolewe juani, kaa kwenye usukani ukiwa umefumba macho, kisha utafute feni na baridi kwa mkono, usipozipata, liache. Angalia pia kama skrini imekaa katika nafasi ya kawaida ya redio au imeumbwa pamoja na dashibodi, kwa sababu ya kwanza inaweza kubadilishwa kwa nyingine yoyote, nayo mara nyingi hubadilishwa, kwa kuwa redio za Japani huishia masafa ya FM ya 95 na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo.

Gari lenye mfumo wa kujizima hutumia betri maalumu iliyo ghali kuliko ya kawaida, basi hakikisha aliyekuuzia hakukuwekea ya kawaida. Swichi ya kuuzima mfumo huo ipo katika magari mengi, lakini hujirejesha kila unapowasha gari upya, kwa hiyo itakubidi uibonyeze kila mara injini inapowaka.