HUYU MTU AMEPIMA KOCHI HUKU MAMA MKWE AMELIKALIA, TENA KATIKATI YA SALA!

Bi Tabata:
Wakuu, nawaandikia nikiwa nimejifungia chooni. Pilau langu liko mezani linapoa na sitoki mpaka huyu mtu aondoke. Wasimamizi msije mkauhamishia huu uzi jukwaa la vichekesho, nina hasira hapa mpaka mikono inatetemeka.

Namzungumzia yule yule. Simtaji, mnamjua. Yule wa sufuria la Pasaka. Ambao hamkuwepo kwenye uzi ule waulizeni wenzenu, au angalieni kwenye ukoo wenu tu, na kwenu yupo.

Leo ndiyo Krismasi yetu ya mwisho Dar. Mwezi wa kwanza Kenta linapakia, ofisi ya baba watoto iko Mtumba, Dodoma, watoto tumeshawatafutia uhamisho. Nikasema ngoja tule sikukuu moja ya maana hapa Tabata, ukoo wote uje. Nimeamka alfajiri kuchambua mchele, nimekaanga vitunguu mpaka jirani akaja kuuliza kama nafungua mgahawa. Sikuomba zawadi. Sikuomba mtu alie. Niliomba watu wakae, wale, waseme "tutawakumbuka" hata kwa uongo, waende makwao.

Baba watoto kasimama kuombea chakula. Tumefumba macho. Kafika pale pa "ubariki safari iliyo mbele yetu", nasikia TRRRRR. Nikadhani simu ya mtu. TRRRRR tena. Nafumbua jicho moja, huyu mtu kapiga goti nyuma ya kochi ana futi ya fundi, ile ya chuma inayojirudisha yenyewe! Anapima! Na mama mkwe yuko juu ya hilo kochi, kafumba macho, anaitikia amina. Namsikia anamnong'oneza: "Mama, hebu sogeza kiuno kidogo."

KIUNO! Na mama wa watu, magoti yote mabovu, akasogea!

Nani anaenda kula Krismasi na futi? Nauliza kwa nia njema kabisa. Kwenye pochi, kati ya wanja na kitabu cha nyimbo, futi? Maana yake alitoka nayo kwake. Alipanda nayo daladala. Alikaa nayo KANISANI, mchungaji anasoma habari za hori la ng'ombe, yeye anawaza kochi langu.

Na vipimo kaandika wapi? Kwenye bahasha ya sadaka. Imebaki pale mezani pembeni ya kachumbari, nimeisoma. Jina: kochi kubwa. Jumuiya: sebuleni. Kiasi: futi 6 na nchi 2. Nyuma kaandika "friji, mlango umelegea, apunguze." Apunguze nani? Nani kakwambia nauza? Kochi linakwenda Dodoma! Friji inakwenda Dodoma! Hata ile ndoo iliyopasuka mdomo inakwenda Dodoma!

Sala ikaisha, akarudi kukaa, akajipakulia mapaja mawili ya kuku, akanitazama usoni bila haya: "Wifi, na mapazia mnayaacha?"

Ndipo nikaja huku chooni. Trrrrr. Bado naisikia.

Kisiki cha Mpingo:
Uzi tayari. Nakaa hapa na bisi zangu.

Mzee wa Fuso:
Pole sana dada. Ila mnahamia Dodoma au mwezini? Treni ya umeme masaa matatu na ushee umefika, nauli 31,000 daraja la kawaida. Mimi Posta kwenda Mbagala jioni nakula muda huo huo, tena nimesimama kwa mguu mmoja na wala sijawahi kuagwa na ukoo.

Mtoto wa Nkuhungu:
Nchi ilitangaza kuhamia Dodoma 1973. Magufuli akaja kukazia 2016. Nyie mnahama leo, bado mnalia mmeshtukizwa. Karibuni. Njooni na makoti, mwezi wa sita na wa saba upepo wa huku hauna adabu.

Bi Tabata:
SIJALALAMIKIA DODOMA. Nalalamikia FUTI. Someni basi.

Jirani Mwema:
Samahani dada, pole kwa yaliyokukuta. Hilo kochi ni la kitambaa au la ngozi? Niko Segerea, naweza kuja na usafiri wangu.

Bi Tabata:
HALIUZWI!!!

Jirani Mwema:
Sawa sawa, usikasirike. Na friji?

Asali Chungu:
Huyo wako ana nafuu. Wa kwetu alikuja kwenye msiba wa mzee, mwili bado uko mochwari, akanivuta pembeni. Nikajua ananipa rambirambi. Akaniuliza, "Hivi ile tivii ni ya marehemu au ya mama?"

Kisiki cha Mpingo:
Asali ameshinda. Bi Tabata rudi mezani ukale.

Bi Tabata:
Hajashinda kitu! Wa kwake aliuliza kwa mdomo. Wangu kapima! Mtu akiuliza unaweza kujifanya hukusikia, mtu akipima utasemaje? Mama mkwe kasogezwa KIUNO jamani.

Mangi wa Kibosho:
Nyie mnaongelea kochi. Mimi nimepanda basi pale Mbezi kwenda Moshi, nauli ya LATRA ni moja, ya kondakta ni nyingine, na kwa hiyo nauli ya kondakta nimekalia ndoo ya rangi kwenye njia ya kupita watu. Ndoo yenyewe haikuwa yangu. Mwenye nayo alishukia Same akaichukua.

Mzee wa Fuso:
Kwani Mchaga asiporudi Desemba anafanywaje?

Mangi wa Kibosho:
Anaulizwa maswali na bibi. Bora ndoo.

Asali Chungu:
Si kuna treni ya Moshi? Ilirudi 2019, kwa nini mnajitesa na mabasi?

Mangi wa Kibosho:
Ile ukiipanda Krismasi unashuka Pasaka. Mbege imeshachacha, ndafu imeshaliwa, umeachiwa kwato.

Bi Tabata:
Wakuu rudini kwenye mada. Nasikia ngazi inaburutwa sebuleni. Ngazi YANGU. Anaenda kwenye mapazia.

Mtoto wa Nkuhungu:
Mwache apime, wewe ukifika huku madirisha yenyewe ni ya ukubwa mwingine.

Bi Tabata:
Wewe uko upande gani?

Mzee wa Fuso:
Dada, swali moja tu, maana limenikaa tangu mwanzo. Hilo pilau uliweka viazi?

Bi Tabata:
Niliweka. Vina nini?

Mzee wa Fuso:
Basi na mimi ningepima kochi.

Mpishi wa Chumbageni:
Viazi kwenye pilau ni vya kujaza sinia mchele usipotosha. Tusidanganyane.

Asali Chungu:
Toka zako. Mombasa wanaweka na hakuna aliyekufa.

Mpishi wa Chumbageni:
Mombasa wanaweka viazi mpaka kwenye mkate. Usinitajie Mombasa kwenye habari za pilau.

Mwana wa Kisauni:
Nani ametutaja? Watu wa Tanga nyinyi pilau yenu ni wali ulioungua, mnatia binzari kuficha ushahidi.

Mpishi wa Chumbageni:
Mdogo wangu, fungua uzi wako tukutane huko.

Mwana wa Kisauni:
Nishafungua. Njoo na shahidi.