Chenga za mahamri zataka kunilia VAT yangu (nimekasirika, msinambie nitulie)

FundiBaridi_Shimanzi:
Wadau salamu baadaye, kwanza nitoe moto kifuani. Nyote mwamjua, sitamtaja, yule mwanahesabu wa brifkesi ya kahawia na kalamu tatu mfukoni, nusu ya biashara ndogo za kisiwani Mombasa ritani zao za kodi zapita mkononi mwake na ile nusu nyengine bado yangoja apokee simu. Leo saa nne asubuhi kaja wakshopu kwangu, ati lazima aone gari kwa macho yake kabla hajanidaia VAT, ile kodi niliyolipa juu ya bei nikinunua, nirudishiwe. Sawa. Nikampangusia kiti, nikamwagizia kahawa na kashata, mtu mzima yule.

Akaizunguka pikapu yangu mpya, dabokebini, ile yenye siti za nyuma, haina hata miezi miwili barabarani, akawa aipiga bodi konzi kama achagua tikiti Kongowea. Akafungua mlango wa nyuma. Akainama. Akaokota chenga za mahamri kwenye siti, MOJA MOJA, akazipanga kiganjani, akawageukia vijana wangu sita na muuza kahawa na mteja aliyeleta friji yake, akasema: "Jamani, huu ndo mzigo wa kampuni?"

Muuza kahawa alicheka hadi birika likamponyoka. Kijana wangu, ambaye mimi ndo nimlipaye, alicheka akashikilia ukuta.

Na nani alonambia ninunue pikapu? YEYE! Kiti kilekile, kashata zilezile, yuwanambia achana na gari la saluni, gari la abiria VAT yake hurudishiwi hata ulie damu, labda uwe wauza magari au wakodisha, lakini pikapu ni ya mizigo ile 16% yote waidai, tena gharama yake waikata kwenye faida 25% kila mwaka miaka minne imekwisha, na haina kikomo, si kama gari lisilokuwa la biashara ambalo hata ununue la milioni 10 lahesabiwa 3,000,000 basi. Mimi nikatoa kalamu nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya kashata. Bei 4,000,000, VAT 640,000. Laki sita na arubaini wallahi, nikaanza kuota, nikamuahidi mama kupakwa rangi nyumba.

Leo ati dabokebini "ina maswali". Kisa siti za nyuma. Siti si zimekuja na gari? Nizing'oe niwape mbuzi? Vijana wakienda Shanzu kushusha AC za hoteli wakae wapi, juu ya mitungi ya gesi? Na hayo mahamri ni ya vijana! (Sawa, mengine ni ya kitindamimba wangu, humshusha madrasa, lakini ni NJIANI.)

Alikuta na kiatu cha mtoto, kimoja. Hicho sikizungumzi.

Lakini kile kiganja jamani. Kakifungua hivi kama apokea sadaka. "Huu ndo mzigo wa kampuni?" Mbele ya mteja!

KahawaChungu:
Nimesoma mpaka mwisho na nina swali moja. Mahamri yalikuwa ya nazi?

Mwanamji80:
😂😂😂 huyo namjua, mimi alinishikia risiti ya supamaketi juu juu kwenye jua akauliza "pampasi ni vifaa vya ofisi?"

BintiTudor:
Kaka yangu, mwanahesabu wako ana ulimi mbaya lakini hajakosea. Sheria ya kodi ya mapato yasema gari ya biashara ni ile ILOTENGENEZWA kwa kubeba mizigo NA ikatumika hivo kwenye biashara. Mambo mawili. La kwanza umepita, la pili ndo lina chenga. Na hiyo invoisi ya eTIMS, ule mtambo wa risiti wa watu wa kodi, ishike vizuri, VAT ya manunuzi ina miezi 6 ya kuidai, ukikaa huku walia itakupita.

FundiBaridi_Shimanzi:
Dada yangu mimi sikuuliza sheria, nasema NIMETUKANWA. Wako watu wanaobeba mpaka mbuzi wa akika kwenye gari za kampuni na hakuna alowafungulia mlango. Mimi chenga! Kiganjani!

Jomvu_Kuu:
Usiku hiyo gari yalala wapi?

FundiBaridi_Shimanzi:
Nyumbani. Wataka ilale msikitini?

BintiTudor:
Uwiii. Basi kuna na hili. Gari ya kampuni ukiitumia kwa mambo yako, wewe mkurugenzi pia ni mwajiriwa, yahesabiwa kama sehemu ya mshahara, 2% ya bei kila mwezi. Hiyo yako ni 80,000 juu ya mshahara ndo PAYE, kodi ya mshahara, ikatwe.

Jomvu_Kuu:
Uongo, pikapu ina jedwali lake, injini ikipita cc 1750 ni 4,200 kwa mwezi, mimi nimeiona kwa macho yangu.

BintiTudor:
Umeona mstari mmoja ukafunga karatasi. Yachukuliwa ile kubwa kati ya mbili. 80,000 na 4,200 ipi kubwa?

Jomvu_Kuu:
Nimeenda kuswali.

FundiBaridi_Shimanzi:
Nyinyi mwanisaidia au mwanizika?

AmiWaLeicester:
Poleni wa nyumbani. Huku Uingereza dabokebini ikibeba tani moja kwenda juu ilikuwa yahesabiwa vani, kodi ya mwajiriwa kuitumia ilikuwa kidogo tu, mafundi wote wakakimbilia hizo. Zinazonunuliwa tokea Aprili 2025 wameshazigeuza gari la kawaida. Kwa hivo usione ni wewe tu, hata huku washaanza kuchungulia siti za nyuma.

KahawaChungu:
Huko Leicester mahamri yapatikana?

AmiWaLeicester:
Yapo ya kugandishwa. Usiniulize zaidi, ntalia.

Mama_Twins_Bamburi:
Nyinyi mwalilia kodi. Mimi tangu mume wangu anunue pikapu hatujui wikendi ni nini, ukoo mzima umeamua kuhama. Juzi shangazi ambaye hata kwenye harusi yetu hakuja, kahama Likoni na kabati la milango mitatu, kioo kimoja lazima nikishikilie mimi kwa mkono mwanamke mzima nimekaa nyuma na kabati, feri twaingoja, jua lile, na nikitizama kioo najiona mwenyewe nimekasirika. Mafuta hakutoa. Katoa maembe matatu.

Mwanamji80:
Afadhali maembe, mimi nilipewa dua.

Jomvu_Kuu:
(nimerudi) Mimi shemeji aliazima "dakika kumi" Ijumaa, ikarudi Jumapili na harufu ya papa mkavu. Mpaka leo mteja akiingia afungua dirisha kabla hajasalimu.

FundiBaridi_Shimanzi:
Jamani uzi huu ni wa kiganja. Mteja wa friji kanipigia sasa hivi, nikadhani yuwauliza friji, kumbe yuwauliza ule mzigo wa kampuni umefika salama. Ashaeneza!

BintiTudor:
Andika daftari la safari. Tarehe, kilomita, kwa mteja gani. Na ufagie.

Mama_Twins_Bamburi:
Huyo shangazi sasa asema kabati haliingii mlangoni, alirudishe.

Mwanamji80:
😂😂 na maembe mshakula

Mama_Twins_Bamburi:
Mawili. La tatu lilikuwa bovu.

Kilindini_Kid:
Mwenye uzi samahani, kwa vile mambo bado yana maswali, hiyo pikapu Jumamosi iko? Nina sofa mbili za kutoa Magongo.

FundiBaridi_Shimanzi:
Jumamosi haipo. Yaenda Kilifi.

BintiTudor:
Kilifi kwa mteja gani? Andika kwenye daftari.

FundiBaridi_Shimanzi:
Ni kazi tu.

Jomvu_Kuu:
Kazi ya mzigo gani?

FundiBaridi_Shimanzi:
…bi harusi. Mtoto wa dadangu. Lakini viti na jenereta vyakaa nyuma!!!

KahawaChungu:
Wallahi nimemwaga chai.

Mwanamji80:
Kuna mtu ana namba ya fundi wa betri asiyebadilisha betri yako kwa ya zamani? Wa Mwembe Tayari nimeshamaliza wote.