Naomba ushauri: spea za PC ya gemu, zitaelewana kweli?

Wakuu habari zenu, nataka kuunga mwenyewe kompyuta ya gemu na kabla sijatoa hela naomba mnichekie kama hizi spea zinaingiliana. Prosesa ni Ryzen 5 5600, hiyo sibadili, kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, ramu DDR4 vipande viwili vya GB 8. Kichwa kinauma kwenye madabodi. Kuna B450 ya mkononi naipata kwa bei poa, soketi (pale prosesa inapokaa) ni AM4 ileile lakini kama baiosi yake, ile programu ya kuiwasha bodi, ni ya zamani haitaitambua 5600, na hii prosesa haina grafiki ya ndani kwa hiyo skrini ikibaki nyeusi hata sitajua nilaumu baiosi au kadi 😅 Sasa nikomae nayo niapdeti baiosi kwa flashi au nijikaze tu nichukue madabodi mpya zaidi ya B550? Pawa saplai nayo, NVIDIA wenyewe wanasema wati 550 zinatosha, muuzaji anang'ang'ania 750, ni kweli au anatafuta riziki tu? Kasha nimeshapima, kadi inaenea. Mwenye B450 yenye kitufe cha kuflashi (kuapdeti baiosi) bila prosesa anitajie modeli yake tafadhali.