Bednarek wa mbio na Bednarek beki: ndugu, au jina tu?

MgebukaMkavu (Mwanga, Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Naomba mnitoe kwenye ubishi ambao umeshanila soda tatu na heshima yangu yote.

Septemba 2025 hapa Mwanga tulihamia kwenye riadha, jambo ambalo si kawaida yetu. Sababu mnaijua: Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Saa saba na nusu usiku watu wapo macho, wengine na blanketi mabegani, tunaangalia marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo kwenye simu. Mnakumbuka alivyomkamata yule Mjerumani, Petros, pale pale kwenye utepe. Wote wawili wakaandikiwa 2:09:48, mpaka picha ikaamua. Baada ya dhahabu ile, mwenye banda letu la mpira akasema riadha itaonyeshwa mpaka wiki iishe, kiingilio kile kile.

Ijumaa yake, saa kumi jioni, ikaja fainali ya mita 200. Noah Lyles akachukua kwa 19.52. Wa pili 19.58, Mmarekani mwenzake, mweusi kama mimi, kitambaa kichwani kama mpiga karate. Namba yake ya kifuani imeandikwa BEDNAREK.

Nikaropoka: "Ndugu yake yule beki wa Southampton!" Banda zima likaniangukia kwa kicheko. Lakini beki mwenyewe mnamjua. Februari 2021, Manchester United 9, Southampton 0. Siku hiyo Jan Bednarek alijifunga, akasababisha penalti, akalimwa nyekundu. Mimi siwezi kulisahau jina hilo, nilikuwa na mkeka wa kubeti.

Sasa rafiki yangu mmoja anasema majina ya Wazungu ni kama koo, mkishea jina mna babu mmoja. Mwingine anasema Bednarek ni kabila la huko Poland. Wa tatu anasema huyo wa mbio kabadilisha jina apate udhamini. Je, hawa watu wana undugu? Na hilo neno lina maana gani? Tafadhali msinijibu "kagugo".

Kapteni_Kibirizi

Kagugo.

(Natania mkuu. Nami nasubiri jibu.)

FundiMitumbwi (Ujiji)

Marahaba mwanangu. Huwa nasoma tu humu, siandiki, lakini hili limenigusa mkono.

Hawana undugu wa damu, wala hilo si kabila. Ni jina la kazi. Bednarz kwa Kipolandi ni fundi wa mapipa ya mbao. Bednarek ni hilo hilo limepunguzwa, kama vile kusema fundi mapipa mdogo, au mtoto wa fundi mapipa. Kwa mfano wa kwetu, mimi naitwa Fundi, basi mwanangu aitwe Kifundi, na wajukuu wote waandikwe Kifundi hata kama hawajawahi kushika randa.

Nimejuaje? Miaka ya nyuma alipita hapa ufukweni padri mmoja Mpolandi, anatokea Burundi. Mimi nilikuwa nimelaza boti ya futi thelathini, naikalafati. Wasiojua, kukalafati ni kushindilia pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, ili maji yasipite. Padri akasimama muda mrefu akiangalia, kisha akasema kwao babu yake alikuwa anafanya kazi inayofanana na hii yangu. Nikamuuliza, alikuwa anaunda boti? Akasema hapana, mapipa.

Nikacheka. Pipa kwetu Kigoma si la kuchongwa. Ni lile la bati la lita 200, limekuja na dizeli, limeoshwa, limekatwa katikati, linachemshiwa chikichi. Nani anachonga pipa?

Akachukua kijiti akanichorea mchangani. Pipa la mbao ni vipande vingi vyembamba, kila kimoja kimechongwa kipana katikati na kikasinyaa huku na huku. Unavisimamisha duara ndani ya pete ya chuma, juu vimekutana, chini vimetanuka kama sketi. Unawasha moto mdogo katikati na unazilowesha mbao. Joto na maji vikishazilainisha, unazikunja taratibu, unagonga pete ya pili upande wa chini, na ya tatu, na ya nne. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Nikamwambia padri wewe unanidanganya, litavuja. Akasema likikauka linavuja kweli. Ukilijaza maji mbao zinavimba, zinabanana zenyewe.

Hapo nikamwamini, kwa sababu ndiyo habari ya mtumbwi. Mtumbwi uliokaa juani miezi miwili ukiushusha ziwani leo unakunywa maji kama ng'ombe. Kesho yake umetulia.

Tukakaa mpaka magharibi akinitajia majina ya kwao yaliyotoka kwenye kazi. Kowal ni mhunzi, kwa hiyo Kowalski na Kowalczyk wamejaa nchi nzima. Alikuwa na ushabiki na dada mmoja wa kuteleza kwenye theluji, Justyna Kowalczyk, dhahabu ya Olimpiki Vancouver 2010, na tena Sochi 2014, hiyo ya pili akiwa na mguu uliovunjika. Padri akasema, "Mtoto wa mhunzi, unategemea nini?" Na kipa wao wa zamani, Józef Młynarczyk, yule wa Kombe la Dunia 1982 Poland walipokuwa wa tatu, jina lake ni mtoto wa msaga unga kinuni. Ukimwona golini huoni unga wowote.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako wa kwanza: kila kijiji kule kilikuwa na fundi mapipa wake, kwa sababu kabichi ya kuchachusha, samaki wa chumvi, bia, vyote vilikaa kwenye pipa. Vijiji mia, mafundi mia, Bednarek mia, na hakuna anayemjua mwenzake.

Kuhusu huyo kijana mweusi sijui lolote. Wenye kufuatilia mbio waseme.

Mwl_Kanyenye (Tabora)

Mzee Fundi, umenifanya nipige simu nyumbani kuuliza kama lile pipa la bibi bado lipo. Shikamoo.

Mimi nafundisha na ndiye ninayepeleka watoto UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kila mwaka, kwa hiyo Kenny Bednarek ni mtu wangu. Alizaliwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1998, akiwa na pacha wake Ian. Watoto hao wakaasiliwa na mama mmoja mwenye jina hilo la Bednarek, wakakulia mji mdogo wa Rice Lake, jimbo la Wisconsin. Wisconsin na majirani zake ilipokea Wapolandi wengi sana. Basi hakuna udhamini hapo, na hakuna babu wa kutafutwa. Jina alipewa na mama aliyemlea, kwa sheria, na hilo ndilo jina lake.

Angezaliwa huku kwetu Unyamwezini wala tusingekuwa na mjadala. Wawili hao wangekuwa Kulwa na Doto, na anayewafuata Shija, mkunga hata hajanawa mikono.

Kuhusu mbio: huyu bwana ni mfalme wa fedha. Olimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa hadi 2021, fedha ya mita 200 kwa 19.68 nyuma ya De Grasse wa Kanada. Mashindano ya dunia Eugene 2022, fedha. Paris 2024, fedha tena kwa 19.62, siku ile Tebogo wa Botswana alipotufanya wote tulale na furaha kwa 19.46. Tokyo 2025, hiyo mliyoiona, fedha. Fedha nne mita 200! Wanafunzi wangu wanamwita Mwalimu Msaidizi. Dhahabu aliipata Tokyo hiyo hiyo, kwenye kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, na mimi nilifurahi kuliko ilivyostahili, kwa sababu Paris kijiti hicho hicho ndicho kilichomtia aibu. Alianza kukimbia mapema, Coleman aliyekuwa anampa kijiti hakumfikia vizuri, wakaenguliwa.

Naongeza moja la lugha kisha niwaachie. Neno letu "pipa" tumelichukua kwa Wareno, pamoja na meza, leso na bendera. Huko Porto pipa ni kipimo kabisa cha divai yao, lita 550. Sasa kaangalieni Jan Bednarek alihamia wapi kiangazi cha 2025 alipotoka Southampton. FC Porto! Mtoto wa fundi mapipa kaenda kwenye mji wa mapipa. Na yule kipa Młynarczyk aliyetajwa na Mzee ndiye aliyekuwa golini Porto wakichukua Kombe la Ulaya 1987. Sikupanga mimi.

MgebukaMkavu

Mwalimu nimekaa chini. Kwa hiyo Filip Bednarek, kipa aliyewahi kuwa Lech Poznań, naye si ndugu?

Mwl_Kanyenye

Huyo ni ndugu kweli, kaka yake Jan, baba mmoja mama mmoja, wote wa mji wa Slupca. Usinichanganyie darasa.

FundiMitumbwi

Nimesoma habari ya huyo mama aliyeasili mapacha. Nilikuwa nadhani jina la kazi linapita kwa damu tu au kwa kufundishwa kazi. Kumbe hata kwa kulelewa. Huku kwetu pia lipo, nimelea wawili wa marehemu dada yangu, na ufukweni wote ni "watoto wa Fundi". Hakuna anayeuliza.

MamaMapipa (Mwandiga)

Na mimi niseme, maana jina langu humu mnaliona. Mnaliona mnacheka, lakini sikujipa.

Nina miaka kumi na tisa kwenye biashara ya mawese. Nilianza na madumu mawili ya lita ishirini kwenye baiskeli ya kukodi. Nikaja kununua pipa moja, likawa mawili, sasa yako tisa nyuma ya nyumba. Wasafirishaji wakija kutoka Mwanza kupakia hawaulizi jina langu, wanauliza "kwa mama mapipa wapi?" Mwisho hata mume wangu akipiga simu dukani anasema "mimi wa Mapipa".

Sasa sikieni. Binti yangu wa mwisho alipoanza darasa la kwanza, alipelekwa na shangazi yake kwa sababu mimi nilikuwa sokoni. Mwalimu akauliza jina la mtoto, shangazi akataja. Jina la pili? Shangazi kabla hajafungua mdomo, dirishani kuna mtoto wa jirani akapiga kelele: "Wa Mapipa huyo!" Mwalimu akaandika. Miaka mitatu binti yangu kwenye daftari la mahudhurio ni Neema Mapipa. Nilikwenda kulifuta, nikaambiwa nikalete cheti cha kuzaliwa, nikaleta, nikaambiwa nije Jumatatu, Jumatatu mhusika yupo semina. Nimekwenda mara nne. Baba yake alinuna wiki nzima, anasema mtoto anabeba jina la bati badala ya jina la babu yake aliyepigana vita.

Leo nimemsomea mume wangu maelezo ya Mzee Fundi na ya Mwalimu. Nikamwambia Wapolandi hawakwenda ofisini kuomba kuitwa fundi mapipa, kuna siku padri au karani aliandika tu, kama huyu wetu, na mtoto wa mtoto akaenda nalo mpaka Olimpiki. Amesikiliza. Kisha akauliza huyo wa mbio amepata dhahabu ngapi. Nikamwambia moja, na fedha nne za mita 200. Akasema basi Jumatatu nisiende shuleni, tuone kwanza mtoto anakimbiaje.

Kapteni_Kibirizi

😂😂😂 Mama, Neema Mapipa ni jina la mtu wa kupokea medali kabisa.

Mwl_Kanyenye

Mleteni Tabora akifika darasa la tano. Ila jina mkalisahihishe kabla ya mtihani wa darasa la nne, nasema kama mwalimu. Cheti kikitoka na Mapipa, mtalifuta kwa wakili.

MamaMapipa

Asante Mwalimu, hilo nimelisikia. Nitakwenda Jumatatu, mzee anune tena.

MgebukaMkavu

Wakuu nimewaonyesha banda zima uzi huu. Wa "kabila" amekubali. Wa "udhamini" amekubali na ameomba radhi kwa Kenny, ingawa Kenny hatasikia. Wa "koo" anasema hakukosea kabisa kwa sababu Jan na Filip ni ndugu, kwa hiyo soda moja kati ya tatu hairudishi. Nimechoka kubishana, nimechukua mbili.

Mzee Fundi, kuna jamaa hapa anauliza kama unaweza kumchongea pipa la mbao dogo la kuweka juu ya kaunta. Yupo tayari kulipa nusu mbele.

FundiMitumbwi

Mwambie kuni za moto alete yeye, na pete za chuma akamtafute mhunzi, huyo Kowalski wenu. Mbao nitampa za mninga, nina mabaki ya boti. Likivuja siku ya kwanza asinipigie simu, alijaze maji asubiri.