Ushauri: Nataka kurudia mgongo wa Milima ya Ngong, lakini goti si lile la zamani

Mzee_Kobe:
Habari zenu wanajukwaa. Nina miaka 61. Enzi za shule tulikuwa tukipanda kutoka mjini Ngong na kufuata vilele vyote saba hadi Kona Baridi, mwisho wa kusini wa milima, miguuni raba za kawaida. Nataka kuurudia mwendo ule Agosti, wajukuu wakifunga shule. Goti la kulia hulalamika nikishuka ngazi, na natumia dawa za presha. Viatu vya mlima ninavyo, vimekaa kabatini miaka mingi. Je, nijaribu mgongo wote au nusu? Na taratibu za siku hizi zikoje?

Njia_ya_Vumbi:
Shikamoo mzee. Nianze na taratibu. Siku hizi kuna geti la Huduma ya Misitu, KFS. Kiingilio hulipwa kwa simu, kwa hiyo salio na chaji viwepo. Omba askari wa kuwasindikiza. Miteremko ina vichaka na nyati hujificha humo, halafu ukipita vilele vya mwanzo, watu hupungua sana. Malipo ya askari ni mbali na kiingilio. Elewaneni mapema kama atafika Kona Baridi au atageuka njiani, maana huko mbele si mahali pa kuanza kujadiliana.

Kutoka Nairobi, matatu ya 111 itawafikisha Ngong. Kutoka hapo chukueni boda hadi getini. Hakuna sababu ya kuchosha goti kwenye barabara ya mjini.

Utakachokiona kipya ni mitambo ya upepo ya KenGen. Miwili ya kwanza ilisimikwa 1993, kwa hiyo kama ulipanda kabla ya hapo utashangaa. Kipande hicho kina barabara ya gari, ni rahisi. Baada yake ni kijia cha udongo na nyasi, panda-shuka, panda-shuka. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: kila kilele kinakunyang'anya sehemu ya urefu uliopanda kabla ya kukudai upya. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460, kiko upande wa kusini, unakifikia miguu imeshachoka. Kisha kuna mteremko mrefu wa kushukia Kona Baridi. Jumla ni kilomita kumi na ushee. Pamoja na wajukuu, tenga muda wa saa 6 za kutembea.

Goti_na_Nyonga:
Mzee, goti linalouma kwenye ngazi za kushuka halitakusumbua sana kupanda. Litakusumbua kurudi chini. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutika huku imekaza. Ikichoka, mzigo wote unahamia kwenye kiungo. Ndiyo maana mtu hupanda akicheka, akashuka akichechemea.

Anza mazoezi wiki 6 kabla. Simama kwenye ngazi moja, kama sentimita 15, kwa mguu mmoja. Shusha kisigino cha mguu wa pili polepole hadi kiguse chini, ukihesabu hadi 4, kisha panda tena. Mara 10, raundi 3, siku 3 kwa wiki. Shika ukuta ukihitaji, na goti lielekee vidoleni, lisiingie ndani. Maumivu madogo yanayoisha kufikia asubuhi hayana neno. Goti likivimba, punguza, na lionwe na daktari kabla ya safari.

Beba fimbo mbili, si moja. Kwenye tambarare kiwiko kikunjike kama pembe ya meza. Ukianza kushuka zirefushe sentimita 5 hadi 10, na fimbo itangulie kugusa chini kabla ya mguu. Hatua ziwe fupi, na palipo na mwinuko mkali nenda kwa mshazari.

Kuhusu presha: usiruke dozi kwa kuogopa kukojoa njiani. Muulize daktari wako jinsi dawa zako zinavyoendana na jua na jasho, kwa sababu baadhi hutoa maji mwilini na nyingine huzuia moyo kwenda mbio. Kwa hizo za pili, saa ya kupima mapigo haitakwambia ukweli. Tumia mdomo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, simama.

Fundi_Soli:
Hivyo viatu vya kabatini visikupande mlima kabla ya kupimwa. Soli nyingi za viatu vya mlima zina tabaka laini la poliyurethani, na tabaka hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi. Kwa nje kinang'aa kama kipya. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba: ukiona nyufa au ungaunga, kwisha. Kikipita, kivae wiki mbili mtaani. Kama unanunua vipya, nenda dukani jioni miguu ikiwa imetanuka, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kata kucha siku mbili kabla.

Upepo_wa_Magadi:
Mimi ningegeuza njia. Aanzie Kona Baridi, amalize Lamwia akiwa na nguvu, kisha ateremkie Ngong kwenye barabara ya mitambo. Goti litashukuru.

Njia_ya_Vumbi:
Kwa goti, uko sahihi. Lakini geti na askari viko upande wa Ngong. Ukianzia kusini lazima upange nao kabla, siyo kufika na kutumaini.

Mzee_Kobe:
Asanteni sana. Basi nikianza Ngong, nigeukie wapi?

Goti_na_Nyonga:
Weka saa badala ya kilele. Anzeni saa 2 asubuhi, na saa 4 na nusu geukeni popote mlipo. Goti likianza kuuma kwenye mteremko wa kwanza baada ya mitambo, geuka hapo hapo. Ya mbele ni mikali zaidi.

Njia_ya_Vumbi:
Agosti ukungu unaweza kukaa juu hadi katikati ya asubuhi, na upepo wa juu ya mgongo wa milima ni mkali. Kila mtu awe na koti la kuzuia upepo na lita 2 za maji, maana juu hakuna pa kuchota. Kama mvua ilinyesha usiku, ahirisheni: udongo ule ukilowa huteleza, na kuteleza kwenye mteremko ndiko kunakopinda magoti. Januari na Februari pia ni wakati mzuri.