Mrejesho: lile eneo la kiwanda cha zamani

Wakuu, nimerudi kuhusu lile eneo nililouliza kama ninunue, palipokuwa na kiwanda cha kupaka vyuma kromiamu (metali ya kufanya chuma king'ae na kisishike kutu). Mlinambia nisitoe hela kabla halijapimwa kama lina sumu, asanteni sana. Mtaalamu alianza na ramani za zamani, picha za angani na kuongea na waliowahi kufanya kazi pale, ndo ikajulikana kuna tangi limefukiwa ambalo muuzaji hakulitaja kabisa. Wakachimba wakachukua sampuli, udongo wa juu safi, ila maji ya chini yana kromiamu 6 (aina ya kromiamu yenye sumu) pamoja na kiyeyusho, yaani kemikali ya kutolea grisi kwenye vyuma, ambacho ni kizito kuliko maji kwahiyo kinazama, na mvuke wake unaweza kupanda mpaka ndani ya nyumba. Sinunui. Kinachoniuma ni majirani wenye visima, ripoti nimeshawapelekea.