Stesheni wagoni ya mkononi kwa bajeti ndogo, Toyota Fielder au Subaru Legacy?

Wakuu habari, familia imekua na mizigo haiishi, nataka stesheni wagoni (gari lenye buti refu la mizigo nyuma) iliyotumika, nimebaki kati ya Fielder na Legacy, ipi haitanitesa?

— Chukua Fielder mkuu, ile ya 1.5 yenye injini ya 1NZ inatumia cheni sio mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya muda.

— Legacy tamu sana barabarani, ila zile zenye injini ya EJ zinatumia mkanda, uliza ulibadilishwa lini, na gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) uikague.

— Yoyote ile nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha oili, ukikuta uji mweupe usiharakishe kulipa, huenda maji yanaingia kwenye oili, halafu nyanyua zulia la buti uangalie kutu kwenye shimo la tairi ya spea, wengi hawafiki huko.

— Asanteni, kesho naenda na fundi.